Kamati ya Mapazia

Jengo letu halikuwa na dirisha hata moja, na bado lilikuwa na Kamati ya Mapazia.

Ilimchukua Bwana Lutengano miaka mitatu kuligundua hilo. Ijumaa ya kwanza ya Julai aliniita ofisini kwake, ghorofa ya nne kwenda chini, akaigeuza skrini ya mezani initazame mimi.

"Mama Tunu, hebu nisomee hapa."

Ilikuwa ratiba ya mnara namba saba, siku ile ya Februari lilipopita wingu.

"Zamu ya asubuhi," nikasoma. "Mrusha chumvi, Siwema. Hana nafasi."

"Kwa nini hana nafasi?"

"Haionekani, Mkurugenzi. Kwa ruhusa zilizopo, ukiangalia kalenda ya mwenzako unaona tu kama ana nafasi au hana. Basi."

"Basi," akarudia. "Mimi nimemwendea msimamizi wake, nikambana mpaka akasema. Alikuwa kwenye Kamati ya Mapazia." Akazitazama kuta za saruji, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeibiwa. "Nimo humu miaka tisa. Nionyeshe pazia moja tu."

Nikainamisha kichwa. Pazia lenyewe nililitundika mimi.

Wingu lile lilikuwa la pekee msimu mzima. Kazi ya Shirika la Mawingu ni hiyo moja: kukaa chini ya ardhi kukwepa joto, kulinda minara kumi na miwili iliyosimama huko juu kwenye tambarare ya Manyoni, na wingu likipita, mtu awe juu ya mnara alirushie chumvi liangue maji. Siku ile mnara wa saba haukuwa na mtu. Wingu likapita na mzigo wake, likaenda kuumwaga porini, kusiko na mtu wala mbuzi.

"Vijiji kumi na vinne vilikunywa maji ya lori mpaka Mei," Bwana Lutengano akasema. Hakupaza sauti, laiti angepaza. "Katika kimoja anakaa mama yangu. Huyu Siwema ningeweza kumfukuza leo hii. Lakini sitaki kumfukuza mtu kwa kukisia. Nataka kuona. Jumatatu saa mbili asubuhi kalenda zote ziwe wazi kwa wote. Kusoma kila kitu, yaliyoandikwa na watu na yaliyoandikwa na seva. Anza na yangu."

"Na hayo ya seva, maandishi ya kijivu, Mkurugenzi? Hata mwenye kalenda haruhusiwi kuyasoma."

"Hasa ya kijivu. Mtu akijulikana mapema kwamba hatakuwepo, mnara hautalala mtupu."

Nilitaka kumwambia kwamba kuna mambo hayafai kujulikana mapema. Lakini nikamfikiria mama yake amejipanga na ndoo nyuma ya lori, nikasema ndiyo, nikatoka.

*

Pazia nililitundika hivi. Miaka mitatu nyuma nilikuwa na ujauzito wa Tunu, wiki ya saba, na nilitakiwa kliniki. Kwetu mimba haitangazwi. Inaachwa ijitangaze yenyewe, na wanaojua kuona wanaona, wanakaa kimya. Nikaandika kwenye kalenda yangu, kwa utani tu: Kamati ya Mapazia, saa tatu hadi saa saba. Msimamizi aliponiuliza nilikuwa wapi nikamwambia kamatini. Akatikisa kichwa kwa heshima. Watu wanaheshimu kamati. Baadaye nikamrithisha binti mmoja wa maabara, naye akamrithisha mwenzake wa minarani, na baada ya mwaka kila mwanamke mle ndani alijua: ukiwa na siri tumboni, wewe ni mjumbe.

Ijumaa ile nikakaa kwenye chumba cha seva, sweta mabegani, nikaanza kazi.

Niwaeleze ruhusa zinavyokaa, maana kisa chote kimo humo. Kila mfanyakazi ana sanduku lake la barua kwenye seva, na ndani ya sanduku mna kalenda. Kila kalenda ina orodha ya majina yanayoruhusiwa kuitazama, kila jina na ngazi yake. Ngazi ya kwanza unaona mtu ana nafasi au hana. Ya pili unaona kichwa cha jambo na mahali. Ya tatu unasoma yote. Ya nne unaandika, hata katika siku za mtu mwingine. Na katika kila orodha kuna jina moja ambalo si la mtu: Wote. Ukimpa Wote ngazi, umempa kila aliyemo kwenye shirika, kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wa lango, na hata atakayeajiriwa mwakani. Amri yenyewe ni mstari mmoja. Unauandika, seva inazipitia kalenda mia sita na arobaini, na kabla chai haijapoa imemaliza.

Zamani, nasikia, kalenda ilibeba ulichokiandika mwenyewe tu. Zetu zilijiandika. Kikuku tulichovaa mkononi kilipeleka kwenye seva mapigo ya moyo, joto la mwili na usingizi, na kila saa kamili seva ilipita ikaandika kwa kijivu yale iliyoyaona mbele: mafua Jumatano, mgongo mwisho wa mwezi. Isipokuamini, hata neno uliloandika kwa mkono wako ililipiga mstari katikati. Watu waliibatiza Mama Mkwe. Anajua kilichomo chumbani mwako, walisema, ila ana adabu ya kunyamaza.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alituambia: usifungue milango mia sita kabla hujafungua kumi. Nikachagua kumi za majaribio kutoka minarani. Ya nane ilikuwa ya Siwema.

Nikaisoma ili nihakikishe inasomeka. Ndiyo kazi yenyewe.

Februari ijayo, kwa kijivu: *Likizo ya uzazi, wiki kumi na nne.* Mstari umepigwa katikati. Chini yake: *Imeondolewa jana, saa kumi na mbili asubuhi.* Nikarudi nyuma hadi Julai, Alhamisi ya wiki inayokuja: *Mapumziko ya ugonjwa, siku nne. Uwezekano: themanini na moja kwa mia.*

Nikasoma tena. Nikavua sweta, nikalivaa tena, sijui kwa nini.

Mama Mkwe alijua kwamba Siwema ana mtoto. Na tangu jana alfajiri alijua kwamba Alhamisi hatakuwa naye.

Chini ya kila neno la kijivu huwekwa sababu zake. Nikazifungua. Joto la mwili. Usingizi wa mang'amung'amu. Historia: mara mbili. Zamu kumi mfululizo za kusugua midomo ya minara inayotoa chumvi. Na juu ya zote, kama alama nzito kuliko nyingine yoyote: *Kamati ya Mapazia.*

Mkwe alikuwa amelinganisha. Kila aliyekaa kwenye kamati ile aliishia kwenye likizo ya uzazi, au kwenye siku nne za ugonjwa. Tulidhani tumemfunga macho. Kumbe miaka mitatu tulikuwa tunamfundisha kusoma.

Ningefuta, saa ijayo angeandika tena. Ningeifunga kalenda ya Siwema peke yake, mlango mmoja uliofungwa kati ya mia sita iliyo wazi ungepiga kelele kuliko tangazo. Na ningemwambia, ningevunja kiapo cha watunza seva: unachokiona kwa kazi, hukukiona. Lakini si kiapo kilichonikalia kooni, tusidanganyane. Kilichonikalia kooni nilikikuta saa ya chai.

*

"Mama Tunu, uso huo wa nani? Wako umeuacha wapi?"

Siwema alikuwa amekaa pembeni ya kantini, miguu mirefu ameinyoosha chini ya meza mpaka upande wa pili. Mikono yake imepasuka kwa chumvi, kama ya warusha chumvi wote. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto. Yeye, na miaka yake thelathini na minne, watu walikuwa bado wanamwita Siwema.

"Kazi tu, mwenzangu."

"Kazi ya kukalia kiti inachosha hivyo? Njoo nikufunge kamba, mita themanini juu, upepo ukupige. Utashuka na uso mpya."

Akafungua leso mapajani, akamega kipande cha udongo, akakitupia mdomoni harakaharaka. Aliponiona namtazama akanisogezea leso.

"Usinikodolee. Ni madini."

"Madini ya wapi?"

"Ya duka la Mama Chausiku." Tukacheka. Nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

"Kamati inaendeleaje?" nikauliza chini chini.

Akakoroga chai muda mrefu. "Imekutana mara moja, Juni. Ajenda bado hatujaifungua, na sitaki ifunguliwe. Unajua ya kwanza nilihesabu siku? Nilichora ukutani kwa mkaa, mume wangu akadhani nahesabu mifuko ya chumvi. Ya pili nikahesabu tena, nikafika mwezi wa tano, nikampa na jina. Hii sihesabu kitu. Akija nitamwona. Asipokuja, basi hatukujuana. Mradi asinitokee mtu wa kuniambia. Si daktari, si mganga, si huyo Mama Mkwe wenu."

"Na zamu kumi mfululizo, Siwema? Kwa hali hiyo?"

"Nikiomba nipunguziwe wataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, kanuni ya kumi na tisa: leseni ya kupanda mezani, mimi ghalani kusaga chumvi. Leseni ikishalala pale mezani haiamki. Halafu na hiki nacho kiniponyoke. Nibaki sina mtoto, sina mnara? Hapana. Napanda."

Kisha akasema bila kunitazama:

"Februari nilikuwa hospitali ya mjini, wodi ya mwisho. Ina dirisha. Nikaliona lile wingu linakuja, jeusi, zito, linakwenda taratibu kama ng'ombe mwenye mimba. Nikajua ni langu. Nikajua pale mnarani hakuna mtu. Nikasema, leo vimeniponyoka viwili."

Kengele ya zamu ikalia. Akafunga leso, akanipiga begani kwa ule mkono wake mgumu, akaenda kupanda.

Nami nikabaki na chai yangu. Nikimwambia, namwibia kitu pekee alichokiomba. Nisipomwambia, Alhamisi inakuja na kamba yake ya mita themanini. Na nikifungua kalenda, Jumatatu saa mbili atasoma mwenyewe, mbele ya watu mia sita.

*

Jumapili asubuhi nilifua. Nyumba zetu ziko juu, karibu na lango, na kabla ya saa nne jua bado linavumilika. Nilianika shuka mbili na kanga, na Tunu na watoto watatu wa jirani wakaingia nyuma ya shuka kujificha. Chini ya pindo ikaonekana miguu minane, yote imejaa vumbi, yote ukubwa mmoja.

"Mama! Mama, nani ni mimi?"

Nikachutama. Nikaitazama miguu ile. Mwanangu mwenyewe, niliyemzaa mimi, nisingeweza kumtaja.

"Sijui," nikasema. "Umenishinda."

Kicheko walichocheka! Nami pale chini, na kibanio cha nguo mdomoni, nikajua la kufanya. Sikulifurahia. Nililijua tu, kama unavyojua kwamba jino litang'olewa.

Nikamfunika Tunu kitambaa kichwani, tukashuka ofisini. Jumapili hakuna watu. Nikampa biskuti, akakaa chini ya meza yangu akizungumza na nyaya.

Nikaandika mstari mmoja. Si ule wa Bwana Lutengano. Huu ulikuwa wa ngazi ya nne: *Kamati ya Mapazia. Saa moja asubuhi hadi saa tisa. Kila siku ya kazi, wiki mbili.* Wajumbe: kila mtu. Kalenda mia sita na arobaini. Ratiba ya zamu huheshimu kamati kuliko kazi yoyote ya mnarani. Ndivyo ilivyopangwa, na ndivyo ilivyotuponza Februari. Julai hakuna mawingu. Hakuna kijiji kitakachokosa maji kwa sababu midomo ya minara haikusuguliwa.

Seva ilipopita saa tano, ilimwandikia kila mtu likizo ya uzazi.

Nilicheka peke yangu, machozi yakinitoka. Bwana Lutengano, wiki kumi na nne kuanzia Machi. Mzee Chiduo wa langoni, aliyestaafu mara mbili akarudishwa mara mbili, wiki kumi na nne, na angalizo kwamba umri wake unahitaji uangalizi wa karibu.

"Mama, unalia?"

"Nacheka."

"Unalia unacheka," Tunu akasema, akarudi kwenye nyaya zake.

Saa sita Mkwe akapita tena. Sasa vikuku vilimwambia hivi, kamati ikamwambia vile, na vyote viwili alikuwa amefundishwa kuviamini. Nikatazama kijivu kikifutika, kalenda moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, mafua na migongo na vyote. Nilipofungua ya Siwema, Februari ijayo ilikuwa tupu. Alhamisi ilikuwa tupu. Mahali pa kisio yalikuwa maneno mawili: *Taarifa hazitoshi.*

Mkwe alikuwa hajui tena. Amerudi kuwa kama sisi.

Haikunipa raha niliyoitegemea. Kufuta kisio si kufuta jambo. Nilikuwa nimevunja kioo tu. Uso uliokuwa unajitazama mle bado ulikuwepo.

*

Jumatatu saa mbili kamili nilitekeleza amri, neno kwa neno. Wote, ngazi ya tatu. Milango mia sita na arobaini ikafunguka, na nyuma ya kila mlango mlikuwa na pazia.

Kelele zilianzia langoni.

"Mama Tunu!" Mzee Chiduo akanipigia simu ya ndani. "Nimeteuliwa! Miaka thelathini na moja nipo hapa, hata kamati ya mazishi hawajanipa. Mapazia rangi gani? Mimi napendekeza ya maua."

"Shikamoo, mzee. Tutajadili."

"Marahaba, mwanangu. Chai itakuwepo lakini?"

Bwana Lutengano hakupiga simu. Alishuka mwenyewe, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama katikati ya baridi ya chumba cha seva na koti lake mkononi. Kwenye kila mwaliko kulikuwa na jina la mwandikaji. Langu.

"Unamficha nani?"

"Siwezi kusema, Mkurugenzi."

"Nikikuapisha?"

"Nimeshaapa. Ndiyo sababu."

Akavuta kiti, akakaa. Alionekana mzee kuliko Ijumaa. "Wataalamu wananiambia seva itachukua miezi kujifunza upya. Miezi, Mama Tunu. Sote tuko gizani."

"Julai hakuna mawingu."

"Na Februari?" Akaningoja. "Lipite wingu Februari, mnara mtupu, hakuna anayejua nani anaumwa nani mzima. Niende kwa mama yangu nikamwambie nini? Kwamba tulikuwa tunatundika mapazia?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Wanaodhani nilimshinda siku ile hawakuuona uso wake.

"Ungeniambia tu," akasema. "Kwamba kuna mtu ana shida. Mimi si mnyama."

"Ungefanya nini?"

Akafikiri kwa kweli, si kwa kujionyesha. "Ningefuata kanuni," akasema mwisho, na kwa jinsi alivyolisema, nafikiri alijisikia mwenyewe.

Akainuka. "Ruhusa zako zinafungwa saa sita mchana. Vitu vyako kabidhi langoni." Alipofika mlangoni akageuka. "Hivyo vikao vinafutwaje?"

"Kwa amri ya ngazi ya nne. Au kwa mkono, kimoja kimoja."

"Nani mwingine ana ngazi ya nne?"

"Hakuna, Mkurugenzi. Niliomba msaidizi mara tatu."

"Kwa mkono itachukua muda gani?"

"Wiki mbili hivi."

Akanitazama. Sijui alielewa nini. "Wiki mbili," akasema, akaenda zake.

*

Siwema alinikuta juu ya ngazi za kutokea, pale zinapoishia kwenye jua, nimekaa na boksi langu: sweta, kikombe, picha ya Tunu. Kwenye magoti nilikuwa na kishikwambi cha kazi, sijakikabidhi bado. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Akakaa ngazi moja chini yangu. Hakuwa na mkanda wa kupandia.

"Msimamizi ameniambia leo sipandi," akasema. "Niko kamatini. Wote tuko kamatini."

"Ndiyo."

"Uliona."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuambia sitaki kuambiwa."

"Sijakuambia."

"Umewakalisha kikao watu mia sita na arobaini ili usiniambie. Hiyo si kuniambia, Mama Tunu? Nimesoma mwaliko, nikavua mkanda. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi ya kwanza ya mnara."

Nilikuwa nimefikiria seva, mkurugenzi, wasimamizi, wambea. Hili sikulifikiria. Kwamba mjumbe halisi akiitwa kwa sauti kubwa vile, atajua kwa nini ameitwa.

"Nisamehe."

"Tumbo langu." Sauti yake ilikuwa ya chini, imekauka. "Mkurugenzi hakuniuliza, Mkwe hakuniuliza, na wewe rafiki yangu hukuniuliza. Kila mtu amelipangia kitu, mimi ndiye ninayetembea nalo."

"Sikukuuliza," nikasema. "Niliogopa utasema nisifanye kitu."

"Ningesema hivyo hivyo."

Nilingoja ainuke aondoke, na ningemwona ana haki. Hakuinuka. Akauliza, huku anakwangua chumvi kwenye kucha:

"Ni mnara?"

"Sijui, Siwema. Ulikuwemo kwenye sababu."

"Pamoja na mengine."

"Pamoja na mengine."

"Mengi?"

Ningeweza kumdanganya. "Mengi," nikasema.

"Na sasa anasemaje, huyo Mkwe?"

"Hasemi kitu. Nimemvuruga, hajui."

"Nipe hicho."

Nikampa kishikwambi. Akaingia kwa jina lake, akafungua kalenda yake, akasukuma miezi kwa kidole kilichopasuka, Agosti, Septemba, akazidi kusukuma, mwaka ukageuka, mpaka Februari. Akasimama kwenye siku moja. Hakuhesabu, aliijua. Mtu asiyehesabu haijui siku namna ile. Akaandika taratibu kwa herufi nyeusi za mwenye kalenda: *Kamati ya Mapazia. Kumpokea mjumbe mpya.*

Akakirudisha magotini kwangu, hakukiachia.

"Anapita saa ngapi?"

"Saa sita kamili."

"Akiona neno halina ukweli anapiga mstari."

"Ndiyo."

"Tungoje."

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Jua lilikuwa jeupe juu ya tambarare, minara imesimama mmoja mmoja hadi macho yanaposhindwa. Nilimsikia anapumua. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye kishikwambi na mwingine kwenye tumbo, chini ya kitovu, kama mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke.

Skrini ikameta. Kwenye orodha ya ruhusa jina langu likatoweka, kimya kimya, kama sikuwahi kuwemo. Neno la Siwema likabaki. Halikupigwa mstari.

Akafunga mdomo kwa kiganja.

"Siwema," nikaanza, "lakini kwa sasa hapigi mstari neno la mtu yeyote, hana cha kulinganishia, ni mimi niliye…"

"Najua."

"Nasema tu kwamba haina maana…"

"Najua kwamba hajui," akasema. "Nyamaza, Mama Tunu. Niache nikae kidogo."

Akatoa leso, akavunja udongo vipande viwili, kimoja akanipa. Tukatafuna, tukitazama juu. Pande zote nne za mbingu hapakuwa na wingu hata moja, na Alhamisi ilikuwa bado siku tatu.